Mfumo ikolojia unaonekana wapi? Swali la mzee mmoja wa Mufindi

Kwenye mkutano mmoja wa kijiji huku Mufindi, mkoani Iringa, ajenda ilikuwa chemchemi iliyopungua maji. Kijana aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni akasimama na kusema kwamba tatizo letu ni moja tu: mfumo ikolojia umeharibika. Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa, kama watu wafanyavyo wakisikia neno zito. Mzee mmoja hakuitikia. "Mwanangu," alisema, "huo mfumo unaousema unaonekana wapi? Mimi naona maji, naona miti, naona ng'ombe wanaokanyaga pale kwenye tope. Mfumo sijauona."

Kijana alijitahidi. Akataja maji, udongo, miti, ndege, wadudu. Mzee akamwambia kwamba hivyo vyote amekwisha kuvitaja yeye, labda wadudu tu ndio wameongezeka. Watu wakacheka, mkutano ukaendelea, tukaazimia kupanda miti, na mwenzetu mmoja akajitolea miche mia mbili ya mikaratusi, ambayo huku tunaiita milingoti. Tulipiga makofi.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu neno lenyewe sasa linasikika kila mahali. Linatajwa redioni ardhioevu ya Ihefu inapokauka. Linatajwa umeme ukikatika na watu wakiulizwa habari za bwawa la umeme la Mtera. Linatajwa kwenye mabango ya misitu na kwenye hotuba za siku ya kupanda miti. Lakini mmoja akilisema anamaanisha wanyamapori, mwingine misitu, mwingine usafi wa mitaro. Hatuwezi kukitunza kitu ambacho kila mtu anakiona mahali tofauti, na makofi yale tuliyopiga kwa ajili ya milingoti yananithibitishia hilo.

Tuanze na majina, maana yanachanganywa sana. Mazingira ni kila kinachokuzunguka, kuanzia hewa unayovuta hadi ukuta wa jirani. Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe mahali fulani: aina ngapi za miti, ngapi za vyura, ngapi za uyoga. Ikolojia ni elimu inayochunguza jinsi viumbe wanavyoishi na wenzao na mahali walipo. Mjerumani Ernst Haeckel aliliunda neno hilo mwaka 1866 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba, au tuseme kaya. Kisha mwaka 1935 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, akaona kwamba kuwazungumzia viumbe peke yao hakutoshi, kwa kuwa huwezi kuutenga mti na udongo wake, mvua yake na jua lake. Akatoa jina la kuvijumuisha vyote hivyo pamoja na mahusiano yake. Hilo ndilo tunaloliita kwa Kiswahili mfumo ikolojia.

Hiyo maana ya kaya inasaidia sana. Karani wa sensa akifika kwako ataandika watu saba, vyumba vitatu, mbuzi wanne. Ameandika kweli tupu, lakini kaya yenyewe haimo kwenye fomu. Haimo habari ya bibi anayeamka kabla ya wote kuwasha moto, ya mtoto anayemwongoza babu asiyeona, ya deni la dukani linalolipwa kwa mayai. Ukimwondoa bibi na kumleta mtu mwingine wa umri uleule, hesabu ya sensa haibadiliki, ila kaya imekuwa nyingine kabisa. Kijana wetu mkutanoni alisoma fomu ya sensa. Mfumo ni yale yanayopita kati ya walioandikwa: nani anamla nani, nani anamhifadhi nani, nini kinatoka wapi kwenda wapi.

Tuitazame chemchemi yetu kwa ngazi. Pembeni mwake kulikuwa na mivengi, miti ya asili inayopenda sehemu zenye majimaji. Mvengi mmoja ni kiumbe. Mivengi yote ya bonde lile ni kundi la spishi moja. Ukiiweka pamoja na matete, vyura, kaa wa maji baridi, nyuki na kuvu za ardhini, hiyo ni jamii ya viumbe. Ukiongeza maji yenyewe, udongo mweusi, mwanga na baridi ya Juni inayokausha majani, umefika kwenye mfumo ikolojia. Juu yake kuna kanda kubwa kama savana au msitu wa mvua, na juu kabisa kuna tabaka lote la dunia lenye uhai. Mfumo ikolojia hauna kipimo maalumu cha ukubwa. Dimbwi ni mfumo, gogo linalooza ni mfumo, Bonde la Usangu lote ni mfumo. Wewe ndiye unayeamua mpaka kulingana na swali unalouliza.

Wala haina maana kwamba mfumo ni wa porini tu. Shamba la viazi la milima ya Uporoto ni mfumo ikolojia, ingawa ni mfumo unaoishi kwa jembe na mbolea.

Kuni na chungu

Ndani ya kila mfumo vinapita vitu viwili, na vinapita kwa namna mbili tofauti. Mtu akivitofautisha hivi viwili, mengine mengi humnyookea.

Cha kwanza ni nishati. Chanzo chake ni jua. Majani hulinasa jua na kulitumia kutengeneza chakula kutokana na maji na hewa. Anayekula majani hupata sehemu ya nishati hiyo, na anayemla huyo hupata sehemu ya sehemu. Nishati ni kama kuni. Ukishaziunguza umepata moto, ugali umeiva, lakini kesho lazima uende tena kutafuta kuni nyingine. Majivu hayaungui mara ya pili.

Tena kila hatua kuna upotevu mkubwa. Mfugaji wa kuku analijua hili bila kusoma popote: ukimlisha kuku magunia ya mahindi, hupati magunia ya nyama. Mahindi mengi yamekwenda kwenye joto la mwili, kutembea, kupumua, na mengine yametoka kama kinyesi. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani Raymond Lindeman alionyesha jinsi nishati inavyopungua hivi kutoka hatua moja ya ulaji kwenda nyingine, na wanaikolojia hukadiria kwa wastani kwamba kama sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayofika hatua inayofuata. Ndiyo sababu katika Hifadhi ya Ruaha nyasi ni nyingi kupita kiasi, nyati na pundamilia ni wengi kiasi, na simba ni wachache. Hata kama hakuna anayewawinda, hawawezi kuzidi idadi ambayo nyasi zinaweza kuilisha kupitia matumbo ya nyati.

Kitu cha pili ni virutubisho: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kaboni na vingine. Hivi ni kama chungu cha kupikia. Kimetumika leo, kinaoshwa, kinatumika kesho. Chembe ya fosforasi iliyo kwenye jani la mvengi huanguka na jani, huachiliwa na bakteria na kuvu jani likioza, huingia kwenye mzizi wa tete, hutafunwa na panzi, humezwa na chura, na siku moja hurudi udongoni. Waozeshaji ndio waosha vyungu wa mfumo mzima. Bila wao majani makavu yangerundikana na udongo ungebaki mtupu, kama jiko ambalo vyungu vyote ni vichafu.

Mama zetu wa Iringa wanaolima vinyungu mabondeni wanaijua kazi hii kwa mikono. Wanafyeka nyasi, wanazilaza, wanazifunika kwa udongo kuwa matuta, halafu wanapanda maharage, mboga au mahindi ya kiangazi. Zile nyasi zinazooza chini ya tuta ndizo mbolea. Mtu aliyeinua tuta la kinyungu anauelewa mzunguko wa virutubisho kuliko anayejua jina lake tu.

Mti hauji peke yake

Sasa niingie kwenye sehemu ambayo mimi mwenyewe ilinibadilisha mawazo.

Kwenye uwanda wa Kitulo, juu kati ya Makete na Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 2,600, maua hufunika ardhi mvua zikikolea. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kutangazwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Miongoni mwa maua hayo kuna aina kadhaa za okidi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi. Mbegu ya harage huja na chakula chake ndani, kile tunachokula sisi, lakini mbegu ya okidi haina akiba yoyote. Ikianguka mahali pasipo na kuvu inayofaa, inakufa. Kuvu hiyo huingia ndani ya mbegu na kuilisha mpaka iweze kutoa majani na kujitegemea.

Viazi vya okidi hizi huchimbwa kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, chenye soko kubwa Zambia, na kwa miaka mingi vimevushwa kupitia Tunduma. Watu husema, chimba, kisha panda upya. Lakini upande nini, na kwenye udongo upi? Ili okidi irudi panahitajika kuvu yake, na wadudu wanaobeba chavua yake, na nyasi za kimo chake, na ubaridi wa pale juu. Unaing'oa kwa dakika moja. Kuirudisha kunahitaji kaya nzima iwepo.

Habari za kuvu haziishii kwa okidi. Mvua zikianza, kando ya barabara kuu utawaona akina mama na watoto wakiuza uyoga waliouokota kwenye misitu ya miombo. Uyoga mwingi katika huo ni tunda la kuvu zilizoungana na mizizi ya miti ya miombo yenyewe. Kuvu inaupa mti maji na fosforasi kutoka mbali mizizi isikofika, na mti unaipa kuvu sukari. Kata miombo yote, na uyoga ule hautatokea msimu ujao hata mvua inyeshe vipi, kwa sababu aliyekuwa akiulisha hayupo.

Na misonobari, yaani paini ambazo zimejaa Mafinga na Sao Hill, ilikuja Afrika kutoka mbali. Katika nchi kadhaa za Afrika, paini za mwanzo zilidumaa na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo uliokuwa na kuvu zake. Mti mgeni haukuweza kusimama hapa mpaka aje na jirani yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo tunaposema "miti ni miti", tunakosea tangu mwanzo. Serikali yenyewe hutumia neno sahihi: pale panaitwa Shamba la Miti Sao Hill. Ni shamba, na ni shamba lenye faida kubwa. Paini na milingoti zimejenga nyumba na kulipa ada za shule Mufindi nzima, na nguzo nyingi za umeme nchini zimetoka kwenye nyanda zetu hizi. Sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na kuliita shamba la paini msitu, halafu kudhani linafanya kazi ya msitu. Miti ya umri mmoja na spishi moja, iliyopangwa kwa mistari na kukatwa ikifika kimo, haina matunda ya kuwalisha nyani na ndege mwaka mzima, haina magogo yanayooza, haina ngazi za mimea ya chini.

Ukitaka kuona tofauti, mfikirie kipunji wa Mlima Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyo kwa jina hilo kabla watafiti hawajamwona pale mwaka 2003, na jina lake la kisayansi likachapishwa mwaka 2005. Anaishi juu ya miti, kwenye vipande vya msitu wa asili wa Rungwe, Livingstone na Udzungwa, akila matunda, majani, maua na maganda ya miti ya aina nyingi. Kwenye shamba la paini angekufa njaa akiwa amezungukwa na miti.

Vilevile kuna wanaokosea upande wa pili: wakiona nyanda zisizo na miti wanadhani ni ardhi iliyoharibika inayosubiri kupandwa. Kitulo haina msitu kwenye uwanda wake, na haukosi chochote. Nyasi za milimani ni mfumo ikolojia kamili, wenye mimea, ndege na wadudu ambao hawawezi kuishi kivulini. Kuupanda paini ni sawa na kuufyeka msitu ili kupanda nyasi. Tena nyasi hizo hutumia maji kidogo kuliko miti mirefu, kwa hiyo mvua nyingi zaidi hubaki kuzama na kutiririka. Mito inayoteremka kutoka nyanda hizi za juu ndiyo inayokwenda kulisha Usangu.

Ihefu na kizingiti chake

Hapa ndipo mjadala huwa mkali, na ndipo mahusiano yanapoonekana kwa macho ya kawaida.

Maji ya milima ya Kipengere na Uporoto na ya nyanda za Mufindi huteremka kwa mito mingi: Ruaha Mkuu wenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera. Yote huingia kwenye bonde tambarare la Usangu, na huko hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu. Ihefu hutoa maji mahali pamoja, Ng'iriama, ambapo kuna kizingiti cha mwamba. Ifikirie kama sinia kubwa lenye ukingo. Maji yakipanda juu ya ukingo, Ruaha Mkuu unaendelea na safari kuingia hifadhini, kisha Mtera, kisha Kidatu, na mwisho Rufiji. Maji yakishuka chini ya ukingo hata kwa urefu wa kiganja, mto haupungui kidogo. Unasimama.

Masika sinia hujaa. Kiangazi, jua na mimea hunyonya maji kila siku, na ili maji yaendelee kupita ukingo, mito ya milimani lazima ilete zaidi ya kinachopotea hewani. Maji kidogo ya Septemba, ambayo mtu akiyatazama kwenye mfereji anaona hayana uzito wowote, ndiyo yanayoamua kama mto utatembea au utakufa. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi, jambo ambalo wazee hawakuwahi kuliona, na tangu hapo kukauka kwa kiangazi kukawa kwa kawaida. Viboko wakabanana kwenye madimbwi machache, samaki wakafa, nyati wakahama kutafuta maji, na simba wakawafuata.

Nani amekausha? Mkulima humtazama mfugaji, mfugaji humtazama mkulima, na wote wawili hutazama mbinguni. Tupige hesabu ya kawaida. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 30 hadi 40 kwa siku. Hekta moja ya mpunga, tuchukulie imetumia maji ya kina cha mita moja kwa msimu, ni lita milioni 10. Zigawe kwa siku 120, unapata zaidi ya lita 80,000 kwa siku. Ni kinywaji cha ng'ombe elfu mbili. Kwa hiyo hoja kwamba ng'ombe wamekunywa mto haisimami, ingawa wakiwa wengi wanaweza kukanyaga na kula majani yanayoushikilia udongo, na hilo ni dhara la aina nyingine. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya ardhioevu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Jambo lililobaki ni mifereji: mpunga mwingi hulimwa masika, lakini mifereji mingi huendelea kuvuta maji kiangazi, na yanayomwagika mashambani hayarudi yote mtoni.

Silisemi hili ili mkulima wa mpunga wa Mbarali aonekane adui. Mchele wake uko mezani kwangu. Nalisema kwa sababu ukimtafuta mkosaji katika orodha ya vitu, utampata yule unayemwona kirahisi zaidi, na ng'ombe ni mkubwa, anaonekana. Ukiufuata mfumo unafuata maji: yanaingia wapi, yanasimama wapi, yanatoka kwa sharti gani. Mwamba wa Ng'iriama haumo kwenye orodha ya mtu yeyote, na ndio ufunguo wa habari nzima. Hata umeme wa Mtera, megawati 80, na wa Kidatu, megawati 204, unategemea kwa sehemu kubwa mto uliopita juu yake.

Chura wa manyunyu

Kuna imani nyingine ninayoisikia sana: asili hujirekebisha yenyewe, iache tu. Wakati mwingine ni kweli. Mto Kihansi, unaotoka upande wa pili wa nyanda zetu za Mufindi na kuporomoka kwenye miteremko ya Udzungwa mpakani mwa Iringa na Morogoro, unaonyesha wakati ambao si kweli.

Chini ya maporomoko yake, manyunyu ya maji yalikuwa yakilowesha kipande cha ardhi kidogo sana, hekta chache tu, mchana na usiku, mwaka mzima. Katika kipande hicho aliishi chura wa rangi ya manjano asiyefika sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wakiwa vyura kamili. Watafiti walimkuta mwaka 1996. Hakuwepo mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 mtambo wa umeme wa Kihansi, wa megawati 180, ulianza kazi, na sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakaribia kukoma.

Hakuna aliyemgusa chura. Hakuna aliyemwinda wala kumwekea sumu. Kilichoondolewa kilikuwa ukungu wa maji tu, kitu ambacho hata hakikuandikwa kama mali ya mtu. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Bondeni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, vyura wakaanza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kuvu inayoua vyura kwa kushambulia ngozi ikakutwa pale. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliohifadhiwa wakaanza kurudishwa Kihansi. Wanarudi kwenye bonde ambalo manyunyu yake lazima yalindwe na binadamu kila siku.

Umeme ule unawasha taa za hospitali, na sisemi usingejengwa. Nasema gharama yake ilikuwa kaya nzima ndogo, na tuliijua gharama hiyo baada ya kulipa. Kuna mtu huuliza, chura ana faida gani? Swali hilo linamuuliza chura aonyeshe risiti. Manyunyu, majani yaliyolowana, wadudu wadogo waliokaa kwenye majani hayo na chura aliyewala walikuwa kitu kimoja kilichojengana kwa muda mrefu kuliko binadamu wa kwanza kufika Udzungwa. Mimi hilo linanitosha.

Miche mia mbili

Turudi kwenye chemchemi, ambayo maji yake huteremka Ndembera, kisha Madibira, kisha Ihefu.

Kosa la azimio letu lilikuwa imani kwamba miti huleta maji. Mti hauleti maji. Mti unakunywa maji, na mlingoti, ambao asili yake ni Australia na hukua kwa kasi kubwa, hunywa mengi mwaka mzima. Kinachoifaa chemchemi ni udongo unaomeza mvua na kuiachia taratibu: udongo wenye majani yanayooza, mizizi ya kina tofauti, mashimo ya mchwa na minyoo, kivuli kinachozuia jua. Mivengi na mikuyu hufanya kazi hiyo pamoja na wakazi wake wote. Mlingoti uliopandwa kwenye jicho la maji huchota kutoka kwenye chungu kilekile unachotarajia kukijaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, na hata hapo watu husoma "mita 60" kama namba ya kutozwa faini, badala ya upana ambao udongo unauhitaji kufanya kazi yake.

Kwenye mkutano uliofuata niliomba nafasi nikaeleza habari ya sinia na kizingiti, na ya chungu. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi mfumo ndio ule ukaribu wao." Sijasikia tafsiri nzuri zaidi. Halafu akatuongoza hadi chemchemini, na kwa fimbo yake akaonyesha mivengi ilipokuwa imesimama alipokuwa kijana, mmoja baada ya mwingine, mpaka mahali ambapo leo pana tope la kwato.

Miche mia mbili ya milingoti imepandwa juu kwenye kilima, kwenye shamba la mwenyewe, mbali na maji. Ng'ombe wamejengewa birika la kunyweshea chini zaidi ya chemchemi. Vinyungu viwili vilivyokuwa karibu mno vimesogezwa, na haikuwa rahisi, kwa kuwa wenye navyo wanalisha watoto navyo. Wamepewa kipande kingine bondeni. Mivengi thelathini na mbili imepandwa na ishirini na saba imeshika. Milingoti minne ya zamani iliyokuwa pale imekatwa, ila mlingoti hufufuka kwenye kisiki, kwa hiyo tumegawana zamu za kuyaondoa machipukizi kila mwezi. Zamu yangu ni wiki ya kwanza ya Novemba.